Maiti ya risasi hueleza nini? Na kwa nini wanaofikishwa mochari hapa Mombasa ni vijana watupu?

#1 Mwana_wa_Mtopanga

Salaam wadau.

Kuna sentensi moja inaniumiza. Kila kijana wa huku Kisauni akipigwa risasi, taarifa huja imeshaandikwa: "Aliuawa katika majibizano ya risasi." Maiti haijapasuliwa, daktari hajaigusa, na sababu imeshatangazwa. Jirani yetu mmoja kazikwa kwa sentensi hiyo hiyo. Waliomuosha wanasema alikuwa na tundu dogo mgongoni na tundu kubwa kifuani, juu kidogo ya chuchu ya kushoto. Hawakusema zaidi, na sisi hatukuuliza. Tukazika kabla ya alasiri.

Wanaojua wanieleze mambo mawili. Daktari akiipasua maiti, anaweza kujua risasi ilitoka upande gani na umbali gani? Na kwa nini hawa ninaowasikia ni vijana wa kiume, na risasi ziko kichwani au kifuani? Matusi hapana tafadhali, wazazi wao wanasoma humu.

#2 NahodhaKilindini

Poleni kwa msiba. Lakini tundu kubwa ndipo risasi ilipoingilia, kwa sababu inafika na nguvu zake zote. Ikishapita mwilini imechoka, inatoka na kijitundu. Kwa hiyo huyo kijana alipigwa kifuani, wakiangaliana. Tusikimbilie kulaumu askari.

#3 MochariMstaafu

Nahodha, ni kinyume chake. Nimefanya kazi mochari mpaka nikastaafu, na hili ndilo kosa nililolisikia kwa jamaa wa maiti kuliko jingine lolote.

Tundu la kuingilia kwa kawaida ni dogo, la mviringo au yai, na kingo zake zimeelekea ndani. Litazame kwa karibu: pembeni kuna ukanda mwembamba uliochubuka, mwekundu au wa kahawia, kwa sababu risasi iliisukuma ngozi ndani kabla ya kuitoboa. Mara nyingine juu ya ukanda huo kuna alama nyeusi ya grisi na uchafu wa mtutu ambao risasi imeufutia kwenye ngozi au kwenye nguo. Tundu la kutokea mara nyingi ni kubwa zaidi, limechanika ovyo, nyama imechungulia nje, na ule ukanda haupo. Risasi ndani ya mwili hupinda, huyumba, hubonyea, na husukuma vipande vya mfupa mbele yake.

Kwa maelezo ya #1 peke yake, mimi ningeanza kwa kudhani alipigwa mgongoni. Kudhani, si kuapa.

#4 BintiMajengo

Nahodha, baharini tunakufuata, nchi kavu muachie Mzee wa mochari 😄

Mzee, ni hivyo kila mara? Maana nakumbuka maiti ya kichwani ambayo tundu la mbele lilikuwa kama nyota na lile la nyuma dogo.

#5 MochariMstaafu

Si kila mara, na ndiyo maana nikasema kudhani.

Mtutu ukigusa kichwa, gesi ya baruti huingia chini ya ngozi, haina pa kwenda kwa sababu nyuma yake kuna fuvu, basi ngozi hupasuka kwa umbo la nyota. Hapo la kuingilia linaweza kulishinda la kutokea kwa ukubwa. Ndani ya kidonda utakuta masizi. Pia aliyeegemea ukuta, aliyelala chini au aliyevaa mkanda mgumu, risasi ikitokea hapo ngozi hubanwa, na tundu la kutokea huwa na michubuko inayofanana na ya kuingilia. Wengi wamedanganyika hapo.

Fuvu ndilo husaidia. Piga msumari kwenye ubao uone: upande unaoingilia shimo ni safi, upande wa pili ubao hubanduka. Mfupa wa kichwa una tabaka mbili na hufanya vivyo hivyo. Risasi inapoingia, tabaka la ndani hubanduka kwa upana, na inapotoka hubanduka la nje. Akipigwa risasi mbili za kichwa, mpasuko wa ya pili ukikutana na ufa uliotangulia huishia pale pale, na daktari hujua ipi ilianza.

Nawaeleza na tulivyokuwa tukifanya, kwa sababu watu hudhani kupasua maiti ni kuchana tu. Maiti hupigwa picha na nguo zake kwanza. Eksirei hutangulia kisu, ili ijulikane risasi ngapi zimebaki na ziko wapi. Kila tundu hupewa namba na hupimwa: urefu kutoka kisiginoni, na umbali kutoka mstari wa katikati ya mwili, kushoto au kulia. Kisha hesabu lazima ikubali. Matundu ya kuingilia yakiwa matano na ya kutokea matatu, ndani mna mbili, na usipozipata hujamaliza kazi. Risasi moja inaweza kutoboa mkono ikaingia kifuani, ukahesabu matundu matatu na kumbe risasi ni moja. Risasi ikipatikana hutolewa kwa vidole au kwa koleo lililovishwa mpira, kamwe si kwa chuma kitupu, kwa sababu mikwaruzo yake midogo ndiyo inayolinganishwa na mtutu wa bunduki. Hukaushwa, hufungwa kwenye bahasha, huandikwa namba, na anayeipokea hutia saini. Nimeshaona bahasha bila saini. Mahakamani ikawa si kitu.

#6 Wakili_Makupa

Shukran Mzee. Naongeza kuhusu umbali, maana kesi nyingi husimama au kuanguka hapo.

Bunduki ikifyatuka hutoa risasi, moto, masizi, na chembe za baruti ambazo hazijaungua. Masizi hayafiki mbali, kwa bastola ni takriban sentimita 30. Chembe za baruti hufika zaidi, hadi kama mita moja, na huichoma ngozi vidoadoa vyekundu kuzunguka tundu. Kila silaha ina vipimo vyake, ndiyo maana wataalamu huifyatua silaha yenyewe kwenye kitambaa ili kulinganisha. Zaidi ya hapo unabaki na tundu na ukanda wake tu. Hapo daktari hawezi kukwambia ni mita 3 au mita 50, na akikwambia mtilie shaka.

Mwana_wa_Mtopanga, hili likuhusu: masizi huoshwa na maji yakatoka. Vile vidoadoa havitoki kwa maji wala sabuni, ni majeraha. Waulize waliomuosha kama waliviona mgongoni.

Nahodha naye tumpe haki yake. Tundu la mgongoni peke yake halithibitishi kwamba mtu alikuwa akikimbia au amejisalimisha. Mtu hugeuka chini ya sekunde moja. Daktari hukuonyesha njia ya risasi ndani ya mwili, haoni mpigaji alisimama wapi. Risasi iliyoshuka kutoka bega hadi nyonga inaweza kuwa imetoka ghorofani, au imempata mtu aliyepigishwa magoti. Hapo ndipo mashahidi na eneo la tukio vinapohitajika.

#7 KijanaLikoni

Mmenitonesha kidonda. Binamu yangu alipigwa risasi upande wetu wa Likoni, akafikishwa hospitali moja (siitaji), akafariki usiku. Asubuhi tulipouliza nguo tukaambiwa zimetupwa, zilikuwa na damu. Daktari wa maiti alipokuja akatuambia kwa upole kwamba kidonda kimeonyesha risasi ya mbali, lakini fulana ingeweza kusema vingine, kwa sababu kitambaa hunasa masizi na baruti kabla hazijafika kwenye ngozi. Mwili ukasema mbali, na kitu pekee ambacho kingeukosoa kilikuwa pipani.

Mpaka leo ami yangu anaiuliza ile fulana. Ilikuwa ya bluu, ya timu yao ya mtaani.

#8 MuuguziZamu

Pole sana KijanaLikoni. Nasema kama muuguzi wa dharura: hatutupi kwa ubaya, tunapigania roho. Mtu akiingia anavuja damu, nguo zinakatwa kwa mkasi, zinaanguka chini. Lakini mafunzo yapo, tukate kando ya tundu na si kupitia tundu, tuziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huozesha. Na madaktari wenzangu wasitumbukize mrija wa kifua kwenye tundu la risasi lililopo, wala kulipanua, bila kuandika. Baadaye daktari wa maiti anakuta shimo hajui ni la risasi au la kisu chetu.

Kuhusu swali la pili la #1, kwa nini kifua na kichwa: mimi naona ni suala la muda. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipoteza lita 2 yuko mlangoni mwa kifo. Risasi ya kifua inajaza mapafu damu au inabana moyo, na huna saa ya kusubiri feri ya Likoni. Hata ya paja huua kwa dakika chache ikikata mshipa mkubwa, ila hiyo unaweza kuikaba kwa kitambaa kilichokazwa. Ya kifua huikabi. Wengine humu Mombasa hawauawi na risasi pekee, wanauawa na safari.

#9 TakwimuTu

Muuguzi yuko karibu na jambo ambalo watu hulisahau. Meza ya kupasulia maiti haituonyeshi waliopigwa risasi, inatuonyesha waliokufa. Aliyepigwa mguuni akapona hakufika mochari. Kwa hiyo popote duniani ukihesabu maiti utakuta kichwa na kifua vinaongoza, hata kama wapigaji hawakulenga huko. Ukitaka kujua askari au majambazi wanalenga wapi, unganisha daftari la mochari na daftari la wadi.

Ujana na uanaume nao si wa Mombasa peke yake. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2016, watu takriban 251,000 walikufa kwa bunduki nje ya vita: asilimia 64 waliuawa, 27 walijiua, 9 ajali. Nusu ya vifo vyote vilitoka nchi sita: Brazili, Marekani, Meksiko, Kolombia, Venezuela na Guatemala. Wanaume walikuwa wengi mno kuliko wanawake. Lakini sura hutofautiana. Marekani mwaka 2021 walikufa 48,830, na asilimia 54 walijiua, kwa sababu bunduki iko kabatini nyumbani. Kwetu raia wachache wana leseni, basi anayekufa kwa risasi mara nyingi amepigwa na mtu mwingine.

#10 NahodhaKilindini

Takwimu asante. Ila mnapita pembeni ya jambo. Bunduki haramu zipo. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikabebwa. Sisi tuliokuwepo tulilala na watoto sakafuni. Msinambie kila kijana aliyepigwa alikuwa anatoka madrasa.

#11 BintiMajengo

Hakuna aliyesema hivyo. Lakini Nahodha, 1997 ni mbali. Vijana wanaotusumbua Kisauni na Likoni miaka hii wanatembea na panga. Wanaochinjwa wanachinjwa kwa panga, halafu wanaoshukiwa wanakufa kwa risasi. Ukiwa na panga na mwenzako ana bunduki, hayo majibizano yako wapi?

#12 FundiMabati

Mimi nina nadharia nyingine, silaha yenyewe. Askari wetu wanabeba G3 na AK, hizo ni za vitani. Risasi ya bastola huenda mita 350 hivi kwa sekunde, ya AK 700 na ushee, ya G3 karibu 800. Kasi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne, uzito ukiwa ule ule. Huo mshindo hufungua pango ndani ya mwili pana kuliko risasi yenyewe. Mapafu huvumilia kiasi, ini na ubongo hupasuka. Sasa ifyatue kwenye vichochoro vya Majengo, ukuta wa udongo haiujui. Ningekuwa na sauti ningesema doria za mitaani zisibebe hizo kabisa.

Na zile wanazopiga hewani kutawanya watu zinaangukia wapi? Nishawahi kutoa kichwa cha risasi kwenye bati la mteja.

#13 MochariMstaafu

Fundi, iliyopigwa wima kabisa hurudi kwa takriban mita 90 kwa sekunde. Ngozi hutoboka kwa kasi ndogo kuliko hiyo, basi mtoto aliyelala chini ya bati yuko hatarini. Ikipigwa kimshazari ni mbaya zaidi, inabaki na kasi yake nyingi. Na risasi iliyogonga ukuta ikadunda huingia mwilini kiubavu, tundu lake huwa refu na limechanika, daktari mgeni anaweza kuliita la kutokea.

Umetaja G3. Okoteni maganda! Chumba cha G3, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kina mifereji, na ganda lake hutoka na mistari ya urefu huku na huku. Ganda la AK halina. Risasi ikipita mwilini ikapotea, ganda ndilo linalobaki kusema ni silaha ya aina gani.

#14 Wakili_Makupa

Mzee, naomba nirekebishe: raia asiokote. Apige picha ganda lilipo, aweke kitu cha kipimo kando yake, aite mashahidi. Ukiliokota umewapa mawakili wa upande wa pili mlango.

#15 MochariMstaafu

Na wenye mahali wakija na fagio kabla ya wachunguzi?

#16 Wakili_Makupa

Picha kwanza, Mzee. Hata hapo picha kwanza.

#17 UstadhTudor

Assalaam alaykum. Nimesoma yote kimya. Tuseme ukweli kwamba tatizo letu moja tunalileta wenyewe. Tunaharakisha kuzika, na ni sunna. Tunakumbuka hadithi kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na ni kweli heshima ya maiti ni kubwa. Lakini wanazuoni wengi wameruhusu uchunguzi kwa dharura, na kuijua damu ya mtu imemwagwa na nani ni dharura. Haki ya aliyeuawa haizikwi naye. Tunachodai ni kwamba ufanyike mapema, usipite kiasi kinachohitajika, na mwili urudishwe umeshonwa na kusitiriwa.

#18 BintiMajengo

Ustadh, mama zetu hawakatai kwa fatwa peke yake. Wanakataa kwa sababu hawaamini kwamba ripoti itawafaa kitu. Mwili unachanwa, miaka inapita, kesi haipo. Kule Uswisi walianza kuchunguza maiti kwa mashine ya CT, eksirei inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka, bila kisu. Ingekuwa hapa wangekubali wengi.

#19 MochariMstaafu

CT inaonyesha mifupa na risasi vizuri sana. Mshipa uliokatwa wakati mwingine huukosa, na risasi yenyewe bado lazima itolewe kwa mkono. Ila ningeipokea kesho, hata kesho asubuhi.

#20 Wakili_Makupa

BintiMajengo, kuna zilizofika. Agosti 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi kwao Kinango. Askari walisema aliwashambulia kwa panga. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka 7 kila mmoja. Ilichunguzwa na IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Sheria iko wazi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari aliyetumia bunduki akaua aripoti kwa IPOA, na ushahidi utunzwe. Vifungu 386 na 387 vya Sheria ya Mwenendo wa Jinai vinampa hakimu mamlaka ya kuchunguza kifo. Familia iombe daktari wake awepo wakati wa upasuaji. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yanasaidia kumtafuta. Iliyotuangusha ni ile sheria ya wachunguzi wa vifo ya 2017: imepitishwa, ofisi ikangojewa mwaka baada ya mwaka. Mpaka hapo anayetuhumiwa na anayekusanya ushahidi wanavaa sare moja.

#21 NahodhaKilindini

Hapo kwenye sare moja nakubali. Huwezi kumpa paka maziwa ayalinde. Lakini bado nasema mtu hugeuka.

#22 Mwana_wa_Mtopanga

Shukran nyote. Nimewauliza waliomuosha. Mmoja anasema palikuwa na vidoa vyekundu kuzunguka lile tundu dogo, akadhani ni vipele vya joto. Mwenzake hakuona kitu. Sasa nifanye nini na maneno haya? Akifukuliwa, bado kitu kitaonekana?

#23 MochariMstaafu

Andikeni maelezo yao leo, kila mmoja peke yake, kabla hawajazungumza wao kwa wao.

Akifukuliwa: ngozi ndiyo inayotangulia kuharibika, basi vidoa vinaweza kuwa vimekwenda, na kadiri mnavyochelewa ndivyo vinavyokwenda. Mbavu zilizovunjika zinabaki, na mwelekeo wa vipande vya mfupa husema risasi ilitoka nyuma au mbele. Kama kuna kipande cha risasi kilibaki, kipo. Alizikwa kwa sanda, si kwa nguo, kwa hiyo nguo zitafuteni nyumbani au hospitali.

#24 UstadhTudor

Kufukua ni jambo zito kuliko kupasua kabla ya kuzika. Amri ya hakimu iwepo, na wazazi waridhie.

#25 Mwana_wa_Mtopanga

Baba yake ameridhia. Mama yake hataki kusikia.

#26 MuuguziZamu

Msimlazimishe. Kaeni naye kwanza, aeleweshwe na mwanamke mwenzake. Nikitakiwa nitakuja.

#27 Wakili_Makupa

Ombi linaweza kupelekwa na baba peke yake, ila mama akipinga mbele ya hakimu litachelewa. Mwana_wa_Mtopanga, tazama ujumbe wa ndani. Leteni kibali cha mazishi na maelezo ya hao waoshaji wawili.

#28 TakwimuTu

Wakati huo mtu aliye karibu na daftari la wadi ya majeruhi anitafute. Nataka kujua wangapi walipigwa risasi miguuni wakaenda nyumbani. Bila hiyo tutabishana na Nahodha mpaka mwakani.

#29 NahodhaKilindini

Nipo.